Bill Brandt: Mpigapicha aliyeacha habari akageukia umbo tupu la binadamu

MWAKA 1961 kitabu cha picha chenye jina Perspective of Nudes kilichapishwa jijini London. Ukurasa baada ya ukurasa kilijaa picha za rangi nyeusi na nyeupe za wanawake wasiovaa nguo. Baadhi yao walikuwa vyumbani, wengine ufuoni, na wengine walikuwa wamekaribiwa na kamera kiasi kwamba goti lilifanana na jabali, nalo sikio likafanana na kombe lililotupwa na bahari.

Aliyezipiga picha hizo alikuwa Bill Brandt, mwanamume aliyekuwa amepita umri wa miaka 50. Wasomaji wa majarida ya Uingereza walimfahamu kwa kazi ya aina nyingine kabisa. Walikuwa wameona picha zake za wachimba makaa ya mawe, za watumishi wa nyumba za matajiri, na za familia zilizolala chini ya ardhi zikikimbia mabomu ya Ujerumani.

Swali lililozuka wakati huo lingali linaulizwa kila picha hizo zinapotundikwa katika makavazi. Ni nini kilichomtoa mpigapicha wa habari kwenye migodi na mahandaki, kikampeleka kwenye mwili mtupu wa binadamu, na kumfanya ashikilie kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30?

Swali hilo lina uzito kwa msomaji wa Kiswahili pia. Wahenga walinena kuwa mvuliwa nguo huchutama. Katika lugha hii, kumvua mtu nguo hadharani ni kumwondolea heshima, hata kama hakuna vazi lililoguswa. Ndiposa wengi wanapoona picha ya mwili mtupu, jambo la kwanza linalowajia akilini ni aibu, na la pili ni kumshuku aliyeipiga.

Waingereza nao walikuwa na mjadala wao. Mwaka 1956, miaka mitano kabla ya kitabu cha Brandt kutoka, mwanahistoria wa sanaa Kenneth Clark alichapisha kitabu kiitwacho The Nude. Alijaribu kutenganisha mambo mawili: uchi wa mtu aliyevuliwa nguo akaona haya, na umbo tupu ambalo msanii ameliunda upya hadi likawa kitu cha kutazamwa bila haya. Safari ya Brandt ilipita katikati ya mambo hayo mawili.

Kijana mgonjwa wa mapafu

Brandt alizaliwa mwaka 1904 mjini Hamburg, Ujerumani, akapewa jina la Hermann Wilhelm. Familia yake ilikuwa na mali, na baba yake alikuwa mzaliwa wa Uingereza.

Alipokuwa angali kijana alipatwa na kifua kikuu. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuua viini vya ugonjwa huo, na matumaini pekee ya mgonjwa yalikuwa mapumziko marefu na hewa safi ya milimani. Brandt alipelekwa Davos, nchini Uswisi, ambako wagonjwa wa mapafu kutoka pembe nyingi za Ulaya walilazwa kwa miezi au hata miaka.

Kutoka huko alielekea Vienna, Austria, mwaka 1927. Mwanamke mmoja mashuhuri katika masuala ya elimu, Eugenie Schwarzwald, alimpokea na kumsaidia kupata nafasi katika studio ya picha. Nyumbani kwa mwanamke huyo ndiko Brandt alikompiga picha mshairi wa Marekani, Ezra Pound, mwaka 1928.

Mwaka 1930 alifika Paris na kufanya kazi kwa muda mfupi katika studio ya Man Ray, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa vinara wa sanaa ya surrealizimu. Wasanii wa mkondo huo waliamini kwamba ndoto, hofu na mambo yaliyofichika akilini ni ya kweli sawa na yale yanayoonekana kwa macho. Man Ray mwenyewe alikuwa amepiga picha nyingi za miili mitupu, akiigeuza kwa mwanga na kivuli hadi mtazamaji akasita kabla ya kutambua anachokitazama.

Brandt hakukaa Paris ili kuiga kazi hiyo. Hata hivyo, alichokiona huko kilibaki ndani yake kama mbegu iliyosubiri mvua, nayo mvua ilichukua takriban miaka 15 kunyesha.

Jicho la mgeni nchini Uingereza

Mwaka 1934 Brandt alifanya makao yake London. Katika miaka iliyofuata alificha asili yake ya Kijerumani, na hata kudai kuwa alizaliwa Kusini mwa London. Ujerumani ilikuwa imeangukia mikononi mwa Wanazi, na mtu mwenye asili ya huko hakuwa na sababu ya kujitangaza.

Ugeni huo ulimpa jicho kali. Mambo ambayo Mwingereza aliyapita bila kuyaona, yeye aliyashangaa. Mwaka 1936 alichapisha The English at Home, kitabu kilichoweka matajiri na maskini bega kwa bega. Miongoni mwa picha zake mashuhuri za miaka hiyo ni ile ya watumishi wawili wa kike waliovaa aproni nyeupe, wakingoja kuhudumu mezani katika nyumba ya tajiri. Mwaka 1938 kilifuata A Night in London, kuhusu jiji hilo baada ya jua kutua.

Mwaka 1937 alisafiri Kaskazini mwa Uingereza, ambako ukosefu wa kazi ulikuwa umewakaba wananchi. Huko alimpiga picha mwanamume anayesukuma baiskeli kuelekea Jarrow, gunia la mabaki ya makaa ya mawe likiwa limelazwa juu yake. Hadi leo picha hiyo hutolewa kama kielelezo cha dhiki ya miaka hiyo.

Lakini kuna jambo ambalo msomaji wa majarida hayo huenda hakulijua. Baadhi ya picha hizo hazikuwa za matukio yaliyonaswa ghafla. Brandt aliwapanga ndugu na marafiki zake wakaigiza kama wapita njia, wapenzi au walevi. Watumishi wale wawili wa mezani walikuwa wakihudumu katika nyumba ya mjomba wake.

Kwa mwandishi wa habari wa sasa, tabia hiyo ingezua maswali mazito. Kwa anayetaka kuielewa safari ya Brandt, inaeleza mengi. Tangu mwanzo alikuwa akiijenga picha kichwani kabla ya kuipiga. Alitumia watu halisi na vyumba halisi, ila alichokitafuta kilikuwa hali fulani ya moyo, wala si ushahidi wa tukio.

Miili iliyolala chini ya ardhi

Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilianza kuishambulia London usiku baada ya usiku. Maelfu ya wakazi walikimbilia vituo vya treni za chini ya ardhi na vyumba vya chini vya makanisa. Wizara ya Habari ya Uingereza ilimtuma Brandt kupiga picha za maisha hayo.

Katika kituo cha Elephant and Castle alikuta watu wamelala wakiwa wamebanana kama samaki mkebeni, kutoka mwanzo wa jukwaa hadi mwisho. Chini ya kanisa moja la Spitalfields alimkuta mtu amelala ndani ya jeneza la mawe. Mchongaji Henry Moore naye alikuwa akiwachora watu hao hao, na mnamo Desemba 1942 jarida la Lilliput lilichapisha kazi za wawili hao pamoja.

Juu ya ardhi, taa zote za jiji zilikuwa zimezimwa ili marubani wa adui wasione shabaha. Brandt alizunguka na kamera yake akiwa na mwanga wa mwezi pekee, akiiacha lenzi wazi kwa dakika nyingi ili picha moja ipatikane.

Ukizitazama picha hizo ukiwa umekwisha kuona kazi yake ya baadaye, unatambua kwamba mambo mengi yalikuwa tayari yamekusanyika: mwili uliolala usiojua kwamba unatazamwa, ukuta wa mawe, kiza kizito, na mwanga mchache unaochagua kiungo kimoja na kukiacha kingine. Kilichosalia kilikuwa kuondoa nguo, na kuiondoa habari yenyewe.

Kuchoka na kuripoti

Vita vilipokaribia kwisha, Brandt alijikuta amepoteza hamu ya kazi iliyompa jina. Baadaye alieleza kwamba picha za kuripoti maisha ya jamii zilikuwa zimegeuka mtindo ambao kila mtu aliufuata. Zaidi ya hayo, tofauti kubwa kati ya matajiri na maskini iliyomvutia miaka ya thelathini haikuonekana tena kwa namna ile ile. Somo lake lilikuwa limemtoroka.

Kwa mpigapicha aliyefika kileleni, huo ni wakati wa hatari. Wengi hurudia walichozoea hadi kikaisha ladha. Brandt aliendelea kupata riziki kwa kupiga picha za waandishi na wasanii kwa ajili ya majarida, lakini wakati wake mwenyewe aliuelekeza kwa jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa dhati hapo awali.

Kamera kuukuu ya mbao

Siku moja, katika duka la vitu vya mitumba karibu na Covent Garden, Brandt alikuta kamera kuukuu ya Kodak. Ilitengenezwa kwa mbao na shaba, na kamera za aina hiyo zilikuwa zikitumiwa na polisi kuweka kumbukumbu za mahali palipotendeka uhalifu.

Ili kuelewa kwa nini kamera hiyo ilibadilisha maisha yake, ni muhimu kujua jinsi ilivyofanya kazi. Lenzi yake ilikuwa pana, yaani iliweza kunasa karibu chumba kizima kwa mara moja, kuanzia sakafu hadi dari. Tundu la kupitishia mwanga lilikuwa dogo mno, kama lililotobolewa kwa pini. Tundu likiwa dogo kiasi hicho, vitu vya karibu na vya mbali huonekana vizuri kwa pamoja, na mpigaji hana haja ya kurekebisha lenzi kila mara. Polisi walihitaji hivyo hasa, kwa kuwa hawakutaka kitu chochote chumbani kikose kuonekana.

Faida hiyo ilikuja na gharama. Mwanga ulioingia ulikuwa mchache, hivyo Brandt hakuweza kuona vizuri kupitia kioo cha kamera kile alichokuwa anakipiga. Aliyepigwa picha naye alilazimika kutulia tuli.

Aidha, lenzi pana ina tabia ya kukuza kilicho karibu na kukisukuma mbali kilicho nyuma. Mtu akinyoosha mguu kuelekea kamera, unyayo hujaa picha nzima huku kichwa chake kikionekana kidogo kama tunda. Kwa mpigapicha wa arusi hilo ni kosa la kumfukuzisha wateja. Kwa Brandt lilikuwa mlango.

Kulikuwa na chanzo kingine cha mvuto huo. Filamu ya Citizen Kane ya Orson Welles, iliyotolewa mwaka 1941, ilimgusa sana Brandt. Mpigapicha wa filamu hiyo, Gregg Toland, alionyesha vyumba vizima pamoja na dari zake, vitu vyote vikiwa wazi kuanzia mbele hadi nyuma. Brandt alitaka kupata nafasi kama hiyo katika picha isiyosogea.

Alieleza kuwa alitaka kuona kama anavyoona panya, samaki au nzi. Alipoanza kupiga picha za miili mitupu aliiachia kamera imwongoze, akapiga kile ambacho yenyewe ilikiona badala ya kile alichokiona yeye. Matokeo yake yakawa maumbo ambayo macho yake hayakuwahi kuyashuhudia.

Maelezo hayo yana ukweli, ingawa hayasemi yote. Kamera haikuchagua chumba, wala haikuchagua dirisha, kiti au saa ya mchana. Mtu aliyejifunza kwa Man Ray, akawapanga ndugu zake barabarani na kutembea gizani wakati wa vita, ndiye aliyejua pa kuiweka.

Vyumba vya London

Picha za kwanza za mfululizo huo zilipigwa kuanzia katikati ya miaka ya arobaini, ndani ya nyumba za London. Moja inayotajwa mara nyingi ni The Policeman's Daughter, iliyopigwa Hampstead mwaka 1945.

Katika picha hizo vyumba ni vikubwa kupita kiasi na karibu vitupu. Dari iko juu mno, mlango uko mbali, dirisha linatoa mwanga baridi. Mwanamke ameketi au amesimama, na mara nyingi hamtazami mtazamaji. Kuna kitanda, kiti cha zamani, pengine pazia. Mtazamaji anahisi kwamba kuna jambo limetokea au liko karibu kutokea, lakini haambiwi ni lipi.

Hapa ndipo kazi ya Brandt inapotengana na picha za kuchochea ashiki ambazo zilikuwa zikiuzwa kwa siri kwa miaka mingi. Picha ya ashiki humkaribisha mtazamaji, humtabasamia na kumhakikishia kwamba yeye ndiye mwenye nafasi. Chumba cha Brandt humwacha mtazamaji mlangoni kama mgeni asiyejua kama amebishiwa hodi au amekosea nyumba.

Mwaka 1955 alipiga picha ya msichana aliyelala sakafuni huko Eaton Place. Uso wake umejaa upande wa mbele, macho yake yako wazi, na nyuma yake chumba kinarudi mbali kama uwanja. Msichana huyo hayuko uchi kwa namna inayoonekana, lakini picha hiyo huwekwa pamoja na zile nyingine kwa sababu inatumia lugha moja nazo: karibu mno na mbali mno kwa wakati mmoja.

Ufuoni, mwili wageuka jiwe

Katika miaka ya hamsini Brandt alitoka nje. Alipeleka kazi yake kwenye fuo za kokoto za East Sussex nchini Uingereza, kisha akavuka hadi Normandy na pwani ya Kusini mwa Ufaransa.

Huko chumba kilitoweka, na pamoja nacho ile hadithi isiyosemwa. Kamera ilisogea hadi karibu kabisa na ngozi. Katika picha moja ya mwaka 1957 ya East Sussex, sikio limelala juu ya kokoto likionekana kubwa kuliko majabali yaliyo nyuma yake. Katika nyingine vidole vimefungamana kama mawe yaliyolainishwa na mawimbi. Kiwiko kinasimama mbele ya upeo wa bahari kama mnara. Picha ya Baie des Anges ya mwaka 1959 inaonyesha viungo vikubwa vyeupe vilivyotanda mbele ya maji.

Watazamaji wengi walikumbuka sanamu za Henry Moore, ambaye naye alikusanya mawe na mifupa ili ajifunze maumbo. Moore alichukua jiwe akalipa umbo la mwili, naye Brandt alichukua mwili akaupa uzito wa jiwe.

Hakuwa wa kwanza kuupiga mwili mtupu kwa nia ya sanaa. Katika karne ya 19 wachoraji wa Paris walitumia picha za aina hiyo badala ya kumlipa mtu akae mbele yao kwa saa nyingi. Mchoraji Eugène Delacroix alifanya hivyo katika miaka ya 1850, akitumia picha za Eugène Durieu.

Nchini Marekani, Edward Weston alimpiga picha Charis Wilson kwenye vichuguu vya mchanga vya Oceano mwaka 1936, kila mstari wa mwili ukiwa wazi na vipimo vyake vikiwa vya kawaida. Naye André Kertész, mzaliwa wa Hungary, alitumia vioo vya kuvuruga sura huko Paris mwaka 1933, miili ikarefuka na kupinda.

Kilichomtenga Brandt ni kwamba hakutumia kioo cha mazingaombwe, wala hakushikilia vipimo vya kawaida. Alitumia lenzi, umbali na giza. Mtazamaji anajua kwamba anachokiona ni paja au bega halisi, na bado hawezi kulitambua mara moja.

Kazi ya chumba cha giza

Nusu ya kazi ilifanyika baada ya kamera kuwekwa chini. Brandt aliamini kwamba picha hukamilika wakati wa kusafishwa, na alisafisha picha zake mwenyewe. Hakusita kukata sehemu ya picha, kuikwangua kwa wembe au kuigusa kwa wino na brashi.

Picha zake za awali zilikuwa na rangi nyingi za kijivu. Kadiri miaka ilivyosonga alizidi kuzifuta rangi hizo hadi zikabaki nyeusi tititi na nyeupe pepepe. Kwa hivyo picha moja aliyoisafisha miaka ya arobaini inaweza kuonekana kama nyingine kabisa ilipotoka katika chumba chake cha giza miaka ya sitini.

Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa katika picha za miili. Rangi ya kijivu ndiyo inayobeba maelezo ya ngozi: vinyweleo, mikunjo, alama za maisha. Ikiondolewa, ngozi huwa uwanja mweupe na mwili huacha kuwa wa mtu fulani. Huwa umbo. Ndiko kulikotoka nguvu ya picha hizo, na ndiko kulikotoka lawama pia.

Sheria na wasomaji

Kitabu cha 1961 kilitoka wakati mzuri. Miaka miwili kabla yake, Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria mpya kuhusu machapisho machafu, iliyowaruhusu wachapishaji kujitetea kwa kuonyesha kwamba kazi husika ina thamani ya kisanaa au kielimu. Mwaka 1960 kampuni ya Penguin ilishinda kesi iliyohusu riwaya ya D.H. Lawrence, Lady Chatterley's Lover, kwa kuitegemea sheria hiyo.

Kitabu cha Brandt kilikuwa na dibaji ya mwandishi Lawrence Durrell. Si kila mtu aliyekipokea kwa furaha. Baadhi ya waliompenda Brandt kwa picha zake za jamii walihisi ameikimbia dunia.

Heshima kamili ilikuja taratibu. Mwaka 1966 alitoa Shadow of Light, kitabu kilichokusanya kazi zake za miaka yote. Mwaka 1969 Makavazi ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalifanya maonyesho ya kazi zake, na mwaka uliofuata maonyesho hayo yakafika ukumbi wa Hayward, London. Hapo watazamaji waliweza kuona mchimba makaa, mkimbizi wa mabomu na mwanamke wa ufuoni katika ukumbi mmoja, na kugundua kuwa vyote vilitoka katika jicho moja.

Je, mwanamke yuko wapi?

Mwaka 1972 mwandishi John Berger, kupitia kipindi cha runinga cha BBC na kitabu kiitwacho Ways of Seeing, alimjibu Kenneth Clark. Alisema kuwa katika sanaa ya Ulaya mwanamke asiye na nguo kwa kawaida amepangwa kwa ajili ya macho ya mwanamume, na kwamba kuliita jambo hilo sanaa hakuondoi ukweli huo.

Hoja hiyo inamgusa Brandt moja kwa moja. Picha zake nyingi hupewa jina la mahali na mwaka: Campden Hill, Belgravia, East Sussex. Mwanamke hatajwi. Hata yule wa Hampstead anatambulishwa kwa kazi ya baba yake. Katika picha za ufuoni uso wenyewe umeondolewa, na mtu akabaki goti au kiwiko.

Afrika inaijua vyema hatari ya picha isiyo na jina. Enzi za ukoloni, picha za posta za wanawake wa Kiafrika walioachwa vifua wazi ziliuzwa Ulaya, na mara nyingi chini yake paliandikwa kabila tu. Mwanamke alikuwa ametolewa kama kielelezo cha watu wake, kama mdudu aliyebandikwa kwa pini kwenye ubao.

Wanaomtetea Brandt husema kwamba tofauti ni kubwa. Picha hizo zilihitaji wanawake walioelewa kazi iliyokuwa ikifanywa na kutulia mbele ya kamera kwa muda mrefu. Tena, kwa kuuondoa uso na kuugeuza mwili kuwa mandhari, alimnyima mtazamaji nafasi ya kumdhalilisha mtu. Nani awezaye kulitamani jabali? Wanaompinga hujibu kwamba mtu aliyegeuzwa jiwe bado amenyang'anywa utu, hata kama jiwe lenyewe ni zuri.

Kazi ya uzeeni iliuongezea mjadala huo moto. Brandt alirudi tena kwenye picha za miili katika miaka ya sabini, na mwaka 1980 akachapisha Nudes 1945–1980. Wachambuzi kadhaa waliona kwamba baadhi ya picha mpya zilikuwa na ukali ambao haukuwa katika zile za ufuoni, kana kwamba upole ulikuwa umemwishia.

Brandt alifariki London mnamo Desemba 1983. Mwaka 2004, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, Makavazi ya Victoria na Albert yalifanya maonyesho makubwa ya kazi zake, na mwaka 2013 Makavazi ya Sanaa ya Kisasa ya New York yakafanya mengine. Mwaka 2020 makavazi ya Hepworth ya mjini Wakefield yalizipanga picha zake kando ya kazi za Henry Moore, wawili waliokutanishwa na mahandaki ya vita.

Kwa wapigapicha chipukizi, safari yake ina funzo lisilohusu uchi pekee. Brandt hakuufikia mwili mtupu kwa kutafuta njia ya mkato ya kupata umaarufu. Umaarufu alikuwa nao tayari. Aliufikia baada ya miaka mingi ya kutazama nyuso, mavazi, vyeo na vyumba vya watu, kisha akaondoa kimoja baada ya kingine ili aone kitakachobaki. Kilichobaki kilimchukua maisha yake yote yaliyosalia.

Na mtazamaji, akisimama mbele ya lile sikio lililolala juu ya kokoto za East Sussex, bado analazimika kujiamulia mwenyewe: je, hapa kuna mtu aliyevuliwa nguo, au kuna mtu ambaye hakuna awezaye kumchutamisha?